Harusi katika majumba ya kihistoria (Afrika Mashariki)

Harusi katika majumba ya kihistoria ni desturi ya kufungia ndoa, au kufanyia sherehe ya ndoa, katika nyumba kubwa ya zamani ya mashambani ambayo leo ni hoteli, makumbusho au mali ya chuo. Desturi hii ilipata umbo lake la sasa nchini Uingereza mwishoni mwa karne ya 20. Katika Afrika ya Mashariki imeenea zaidi nchini Kenya, ambako walowezi wa Kizungu walijenga majumba ya mawe katika nyanda za juu wakati wa ukoloni. Jumba linalojulikana kuliko yote kwa jambo hili ni Kasri la Lord Egerton, lililopo Ngata karibu na Njoro, katika kaunti ya Nakuru. Mwenye kasri hilo alikufa bila kuoa, na masimulizi ya watu yanasema aliwafukuza wanawake wasikanyage kwake.

Ndoa na harusi

Katika Kiswahili maneno haya mawili hayana maana moja. Ndoa ni mapatano yenyewe ya mume na mke, yawe ya kidini, ya kimila au ya kiserikali. Harusi ni sherehe inayoyatangaza mapatano hayo mbele ya watu. Wanaopanga harusi kwenye jumba la kihistoria hukutana na tofauti hiyo mapema, kwa kuwa mara nyingi ndoa hufungwa mahali pengine, kisha msafara wa magari huenda kwenye jumba kwa chakula, picha na muziki.

Sababu ya kwanza ni ya kidini. Kwa Wakatoliki, kanuni ya 1118 ya sheria za Kanisa inataka ndoa ya Wakatoliki wawili ifungwe katika kanisa la parokia. Ikiwa wanataka kanisa au kikanisa kingine, ruhusa hutolewa na askofu au paroko, lakini kwa mahali pengine panapofaa anayeweza kuruhusu ni askofu. Bustani ya hoteli haipati ruhusa hiyo kwa urahisi. Makanisa mengi ya Kiprotestanti hayana ugumu huo, na wachungaji wao huonekana mara kwa mara wakiongoza ibada ya ndoa chini ya mti au ndani ya hema. Kwa Waislamu nikahi inahitaji walii, mashahidi wawili, mahari na maneno ya kukubaliana, hivyo yaweza kufungwa msikitini au nyumbani. Mahali si sharti.

Sababu ya pili ni ya kisheria. Nchini Kenya Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua ndoa za aina tano: za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu. Wanaotaka ndoa ya kiserikali hutoa taarifa kwa msajili siku 21 au zaidi kabla ya kufunga ndoa, na ndoa hiyo haina budi kufungwa ndani ya miezi 3 tangu taarifa ilipotolewa. Tanzania Bara hufuata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, nayo pia hudai taarifa ya siku 21. Wachumba wengine hushtuka kugundua kwamba wamelipia ukumbi na mpishi ilhali taarifa ya ndoa bado haijaandikwa.

Chanzo cha desturi

Kwa muda mrefu sheria ya Uingereza na Wales kwa kawaida haikuruhusu ndoa kufungwa popote isipokuwa katika kanisa la Kianglikana, jengo la dini nyingine lililosajiliwa, au ofisi ya msajili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1994 ilibadilisha hali hiyo. Kuanzia Aprili 1995, majengo mengine yaliyopewa kibali na serikali za mitaa yaliweza kutumiwa kwa ndoa za kiserikali.

Mabadiliko hayo yalikuja wakati mwafaka kwa wenye majumba. Katika karne ya 20 kodi za urithi, vita viwili na uhaba wa watumishi vilizifanya familia nyingi za makabaila zishindwe kutunza majumba yao ya mashambani. Mamia yalibomolewa. Mengine yalikabidhiwa kwa National Trust, shirika linalohifadhi majengo na ardhi, na mengine yaligeuzwa kuwa shule au hoteli. Paa la jumba la vyumba hamsini huvuja hata kama hakuna mgeni, na mapato ya harusi yakawa mojawapo ya njia za kulipia matengenezo. Filamu na magazeti viliisambaza picha ya bibi harusi akishuka ngazi za mawe, na picha hiyo ikafika Nairobi, Lagos na Johannesburg.

Kasri la Lord Egerton

Mjenzi wake

Maurice Egerton alizaliwa mwaka 1874 katika ukoo wa kikabaila uliomiliki Tatton Park, jumba lenye bustani kubwa karibu na mji wa Knutsford, Cheshire. Alipenda vyombo vya moto: magari, upigaji picha, na hasa ndege. Aliwafahamu ndugu Wright wa Marekani, na mwaka 1910 alipewa cheti namba 11 cha urubani cha Royal Aero Club. Mwaka 1920 baba yake alifariki, naye akawa Baron Egerton wa Tatton wa nne.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alipata ardhi Njoro, kwenye nyanda za juu za Bonde la Ufa. Eneo hilo lilikuwa tayari na sifa miongoni mwa walowezi, kwa sababu Lord Delamere alianzisha huko shamba lake kubwa mwanzoni mwa karne ya 20. Egerton aliishi akigawa muda wake kati ya Kenya na Uingereza.

Mwaka 1939 alianzisha Njoro shule ya kilimo kwa ajili ya vijana wa Kizungu waliotaka kuwa wakulima. Shule hiyo ilipandishwa kuwa Chuo cha Kilimo cha Egerton mwaka 1950, na mwaka 1961 ikafunguliwa kwa watu wa rangi zote. Mwaka 1986 ilifanywa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Egerton kikaundwa kwa sheria ya Bunge. Kwa Mkenya wa kawaida jina Egerton lina maana ya chuo hicho kwanza. Kasri hukumbukwa baadaye.

Jengo

Ujenzi wa kasri ulianza mwaka 1938, ukachelewa kutokana na Vita Kuu ya Pili, ukakamilika mwaka 1954. Ni jengo la mawe lenye vyumba 52, umbali wa kilomita 14 hivi kutoka mji wa Nakuru. Vifaa vingi vililetwa kutoka nje ya nchi, safari ya meli hadi Mombasa na kisha ya reli hadi bara. Ndani mna maktaba, ngazi pana za mbao, chumba cha giza cha kusafishia picha, na ukumbi wa dansi wenye kinanda kikubwa cha mabomba. Mwenye nyumba aliyekusudia kuishi peke yake hahitaji ukumbi wa dansi, na hapo ndipo masimulizi yanapoanza.

Masimulizi ya mchumba

Wanaotembeza wageni husimulia kwamba Egerton alimpenda mwanamke wa ukoo bora kutoka Ulaya. Akamleta Njoro kumwonyesha nyumba aliyokuwa akiishi, yeye akaidharau kuwa ndogo kama banda la kuku. Bwana akaamua kumjengea kasri. Lilipokaribia kwisha alimwalika tena, naye akasema sasa ni kubwa mno kama jumba la makumbusho, akaondoka na kuolewa na mtu mwingine. Tangu siku hiyo, husimuliwa, Egerton alipiga marufuku wanawake katika ardhi yake, akaweka mabango ya kuwaonya, na wafanyakazi wake wakalazimika kuwaacha wake zao mbali na shamba.

Msimulizi mmoja hutofautiana na mwingine kuhusu jina la mwanamke, taifa lake na maneno aliyoyasema. Habari hii ina sura ya ngano: majaribio mawili, nyumba ndogo na nyumba kubwa, na kiburi kinachoadhibiwa. Yaliyo wazi ni machache zaidi. Egerton hakuoa, hakuacha mtoto, na alipofariki tarehe 30 Januari 1958 cheo chake cha ubaroni kilikoma pamoja naye. Alikaa katika kasri lililokamilika kwa miaka minne tu. Tatton Park aliiachia National Trust, na leo huendeshwa na halmashauri ya Cheshire East. Huko nako hufanyika harusi, kwa hiyo nyumba zote mbili za bwana huyu asiyeoa zinapokea mabibi harusi kila msimu.

Harusi kasrini

Kasri liko chini ya Chuo Kikuu cha Egerton, na hufunguliwa kwa watalii, wanafunzi na wenye sherehe. Wanaokodi viwanja huweka mahema kwenye nyasi, huku jengo lenyewe likiwa mandhari ya nyuma. Wengine hawafanyi sherehe huko kabisa. Hufunga ndoa kanisani Nakuru au Njoro, kisha huenda kasrini kwa saa moja au mbili za kupiga picha kabla ya kurudi ukumbini mjini. Gharama ya njia hii ni ndogo sana ukilinganisha na kulisha wageni mia tatu kwenye uwanja usio na jiko.

Masimulizi ya mchumba aliyekataa hayawazuii. Kinyume chake, washereheshaji huyatumia kama utani: bibi harusi anapopanda ngazi huulizwa mbele ya watu kama nyumba inamtosha. Wako pia wazee wanaoona si vizuri kuanzia ndoa mahali penye kisa cha moyo uliovunjika, na familia fulani zimewahi kubadilisha mahali kwa sababu hiyo.

Majumba mengine

Nyumba ya Karen Blixen chini ya vilima vya Ngong, Nairobi, ilijengwa mwaka 1912 na mlowezi kutoka Uswidi. Mwandishi huyo Mdenmarki hakuolewa hapo: alifunga ndoa na Bror Blixen mjini Mombasa tarehe 14 Januari 1914, mara tu aliposhuka melini, na walihamia katika nyumba hiyo mwaka 1917. Ndoa yao ilivunjika, shamba la kahawa likafilisika, naye akaondoka Kenya mwaka 1931. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1986, mwaka mmoja baada ya filamu iliyotokana na kitabu chake kuonyeshwa duniani. Bustani yake hukodishwa kwa harusi chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Giraffe Manor, pia Nairobi, ilijengwa mwaka 1932 kwa mtindo wa nyumba za mawindo za Scotland, na sasa ni hoteli ndogo ambamo twiga huingiza vichwa madirishani. Karibu na Nanyuki, nyumba ya kifahari iliyoitwa Mawingo ilikua ikawa hoteli, na mwaka 1959 mwigizaji William Holden na wenzake wakaifanya klabu maarufu ya Mount Kenya Safari Club. Mahali hapo huvutia maharusi kwa sababu ya kuuona mlima, siku ambazo mawingu yanaruhusu.

Zanzibar ina mkondo wake. Majumba yake ya kihistoria si ya walowezi wa mashambani bali ya masultani na matajiri wa mji, na baadhi ya nyumba za Mji Mkongwe zimegeuzwa hoteli. Kasri la Mtoni, kaskazini mwa mji, lilijengwa kwa ajili ya Sultani Said bin Sultan na ni miongoni mwa majumba ya kale kabisa ya kifalme Unguja. Liliungua mwaka 1914, na magofu yake yamewahi kutumiwa kwa tafrija na muziki wa taarabu. Hapo ndipo alipozaliwa mwaka 1844 Sayyida Salme, binti wa Sultani, ambaye harusi yake mwenyewe haikuwa na kasri wala taarabu: alitoroka Unguja mwaka 1866 na mwaka uliofuata aliolewa na mfanyabiashara Mjerumani Heinrich Ruete huko Aden. Wenyeji wa pwani wenyewe huendelea kupendelea nyumba ya ukoo, ambako bibi harusi husingwa, hupakwa hina na hukaa fungate, neno ambalo asili yake ni siku saba za kukaa ndani baada ya ndoa.

Mahali pasipo na majumba ya walowezi

Si kila sehemu ya Afrika Mashariki ina nyumba za namna hii. Katika Mkoa wa Ruvuma, kusini mwa Tanzania, kahawa ya Umatengo ilistawishwa na wakulima wadogo wenyewe, wanaosifika pia kwa kilimo cha mashimo ya ngoro kwenye miteremko. Kwa hiyo katika kata kama Mapera, wilayani Mbinga, historia ya kahawa haikuacha kasri la bwana shamba. Majengo makubwa ya zamani katika nchi hiyo ni ya misheni. Wabenedikto walianzisha Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka uliofuata, na kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa misheni ya Kianglikana ilijikita Liuli, ambayo leo iko katika wilaya ya Nyasa iliyotengwa na Mbinga mwaka 2012.

Hapo jengo la kihistoria na mahali pa ndoa ni kitu kimoja, na hakuna anayelikodi. Ndoa hufungwa katika kanisa la matofali ambamo wazazi na pengine babu na bibi walifungia yao. Sherehe huhamia kwenye ukumbi wa parokia, shule au uwanja wa nyumbani, na huweza kusikika ngoma kama mganda, unaochezwa na wanaume na wenye mizizi katika beni ya wakati wa ukoloni, na kioda ya wanawake. Familia nyingi hupenda kupanga harusi baada ya mavuno, fedha ya kahawa inapokuwa mkononi.

Gharama na kamati

Kodi ya jumba ni mwanzo tu. Bei ya uwanja wa kihistoria mara nyingi haijumuishi mahema, viti, jenereta, vyoo vya kuhamishika, mapambo wala ulinzi, na mpishi hulazimika kuleta maji na majiko yake. Mgeni anayekuja kwa matatu au basi huhitaji usafiri wa kumfikisha shambani na kumrudisha usiku. Hoteli huwa na vitu hivyo tayari, lakini hutoza kwa kila kichwa na mara nyingi hukataza chakula kutoka nje.

Katika Kenya na Tanzania gharama hizo hubebwa na kamati ya harusi, yaani ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake maharusi wanaokutana kwa wiki kadhaa, kuahidi michango na kufuatilia ahadi. Tanzania huongeza sherehe za kabla ya harusi kama kitchen party na send-off, na kadi ya mwaliko huandikwa ya mtu mmoja au ya wawili kulingana na mchango. Jumba la kihistoria huivuruga hesabu hii. Nafasi ni ndogo na bei kwa mgeni ni kubwa, ilhali mtu aliyechanga anatarajia kuonekana na kula. Wachumba wanaochagua hoteli ya watu 80 hulazimika kuwaeleza watu 300 kwa nini hawakualikwa. Wengine hutatua jambo hilo kwa kufanya sherehe mbili, moja ndogo hotelini na nyingine kubwa kijijini, na hivyo matumizi huongezeka badala ya kupungua.

Hali ya hewa nayo ina sauti yake. Mvua za masika katika nyanda za juu za Kenya huanza Machi na kuendelea hadi Mei, na katika Bonde la Ufa upande wa Nakuru mvua hunyesha hata mwezi wa Agosti. Njoro iko juu ya mita 2,000, kwa hiyo jioni ni baridi kiasi cha kuwaondoa wageni waliovaa nguo nyepesi kabla ya keki kukatwa.

Uhifadhi

Nchini Kenya majengo yaliyotangazwa kuwa ya urithi hulindwa na Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006. Harusi hailengi kubomoa jengo, lakini huliharibu kidogo kidogo. Misumari na gundi ya mapambo hung'oa rangi, mishumaa huacha masizi darini, viatu vyenye visigino vyembamba hutoboa sakafu za mbao, na umeme wa vipaza sauti huunganishwa kwenye nyaya ambazo hazikutengenezwa kwa mzigo huo. Kwa sababu hiyo sehemu nyingi huruhusu picha ndani na sherehe nje tu. Kelele za muziki ziko chini ya kanuni za mazingira za mwaka 2009, na majirani wa mashambani huzitumia.

Hata hivyo jengo lisilotumiwa huharibika haraka zaidi. Magofu ya nyumba za walowezi yaliyo wazi kwa mvua na wezi wa mabati ni mengi katika Bonde la Ufa. Ubishi uliopo ni kama fedha za harusi zinarudi kwenye paa na kuta au zinaishia katika matumizi mengine ya taasisi yenye jengo.

Kumbukumbu ya ardhi

Majumba ya Kenya yalijengwa juu ya ardhi iliyochukuliwa. Mikataba ya mwaka 1904 na 1911 iliwahamisha Wamaasai kutoka malisho yao ya Bonde la Ufa, na sheria ya ardhi ya mwaka 1915 iliwawezesha Wazungu kukodi mashamba kwa miaka 999. Waliojenga, kulima na kupika katika nyumba hizo walikuwa Waafrika walioruhusiwa kukaa kama vibarua tu. Shule aliyoianzisha Egerton haikuwapokea watoto wao hadi miaka mitatu baada ya kifo chake.

Suala kama hilo limezusha mjadala nchini Marekani kuhusu harusi katika majumba ya mashamba yaliyolimwa na watumwa. Mwezi Desemba 2019 mitandao ya Pinterest na The Knot ilitangaza kuacha kuyatangaza mashamba hayo kama mahali pa kimapenzi pa kufanyia harusi. Katika Kenya mjadala haujafika huko, na maoni yamegawanyika. Wako wanaoona kwamba kushangilia katika nyumba ya mlowezi ni kusahau waliofukuzwa. Wengine husema kwamba mjukuu wa kibarua anapoolewa kwenye ngazi ambazo bibi yake hakuruhusiwa kuzikaribia, nyumba imepata mwenyewe. Maelezo yanayotolewa kwa wageni katika mengi ya majumba haya bado huzungumza zaidi juu ya samani na mapenzi ya mwenye nyumba kuliko juu ya wafanyakazi waliobeba mawe.